Herufi M kwenye bahasha: wivu ulivyonifunga mdomo juu ya miti miwili ya shangazi

Wakuu, sasa?

Nimekaa humu miaka mingi kama msomaji tu. Nacheka na nyuzi zenu, nabonyeza like, naenda zangu. Leo naweka yangu mezani. Sijaongeza chumvi. Mahali nilikosea nitasema nilikosea, na majina pekee ndiyo nimebadilisha.

Hii ni habari ya wivu. Si wa mapenzi, huo mnaujua. Ni ule wa kazini, unaoingia polepole huku unamchekea mtu na kumsalimia kila asubuhi.

Niiteni Rono.

Nafanya kazi kwenye lab ya mimea hapa Nakuru. Niliingia na diploma, kazi yangu ikiwa kuosha vyombo na kuchanganya dawa. Nikasoma jioni mpaka nikapata degree, kisha masters. Miaka sita. Friji ikigoma, naitwa mimi. Funguo za kabati la sampuli ziko kiunoni mwangu.

Miaka hiyo yote nilikuwa nangoja kitu kimoja: nafasi ya PhD chini ya mkubwa wetu, ambaye wote tunamwita Daktari. Mwishowe ikatoka. Nafasi moja, wakuu. Moja.

Sasa vumilieni kidogo nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa dhambi yangu.

Tunasoma mti mmoja wa msitu wa Mau. Kwa Kiingereza ni African holly. Gome lake ni jeupe jeupe, kikonyo cha jani kina rangi ya zambarau, na ukifikicha majani yake kwa maji yanatoa povu. Nyumbani kwetu wazee waliuita tu mti wa povu. Afrika yote kusini mwa Sahara, hii ndiyo holly pekee. Ndugu zake mamia wako Asia na Amerika, na mmoja wao ndio ule ambao majani yake hunywewa kama chai kule Amerika Kusini.

Swali letu: huyu wetu aliyebaki peke yake, ana undugu na nani?

Jibu tunalitafuta kwenye kloroplasti, yale majiko madogo ndani ya jani yanayopika chakula kwa jua. Kloroplasti ina DNA yake yenyewe, na imefungwa mviringo, kama bangili ya shanga. Bangili hiyo ina sehemu nne. Mbili zinafanana shanga kwa shanga, ila moja imepangwa kinyume cha nyingine, kama mtu na sura yake kwenye kioo. Katikati yao kuna kipande kirefu upande huu na kipande kifupi upande ule.

Na hapa ndipo utamu ulipo. Kwa mimea mingi, bangili hiyo mtoto huirithi kwa mama pekee. Chavua ya baba haileti kitu. Ni kama boma la wake wengi: ukitaka kujua mtoto ni wa nyumba gani, humuulizi baba, unauliza mama ni nani. Kwa hiyo ukisoma kloroplasti, unasoma ukoo wa akina mama kurudi nyuma hadi miaka isiyohesabika.

Shikeni hilo la mama. Turudi kwa wivu.

Shiku aliletwa kwetu mwaka uliotangulia, baada ya masters yake. Msichana wa miaka ishirini na sita, amelelewa Karagita kule Naivasha, chumba kimoja, mama yake akifanya kazi kwenye shamba la maua. Mtu wa kucheka. Siku ya kwanza alinipa mkono akasema, "Niaje Rono, nimeambiwa wewe ndiye mwenye nyumba."

Nilimpenda kwa muda wa wiki mbili hivi.

Wakati huo nilikuwa nimekwama. Bangili yangu ya holly ilikataa kukaa sawa. Kila nikiipanga kwenye kompyuta, kile kipande kifupi kinatokea kimegeuka. Nusu ya data inasema kimeangalia huku, nusu inasema kule. Nikaamini nimeharibu mahali. Nikarudia kutoa DNA mara tatu. Mwezi mzima ukaisha.

Shiku akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Rono, hujaharibu kitu," akasema. "Hicho kipande hugeuka chenyewe. Kwa jani moja utazipata zote mbili, iliyoangalia huku na iliyoangalia kule. Chagua moja, andika umechagua gani, songa mbele."

Kesho yake alikuwa amemaliza. Daktari akatoka ofisini akipiga makofi korido nzima: "Shiku amefunga duara! Shiku amefunga duara!"

Mimi nilikuwa nimebeba kasha la barafu. Hakuna aliyeuliza jani lilichumwa na nani.

Tangu siku hiyo nikawa kama askari wa zamu. Nikaona kwamba Daktari anacheka zaidi kwa mzaha wa Shiku kuliko wangu, hata ukiwa mzaha ule ule. Nikaona kikombe chake kimehamia kwenye rafu ambayo changu kilikaa miaka sita. Nikaona kwamba mimi naulizwa "friji imepona?" na yeye anaulizwa "unaonaje?"

Hilo la "unaonaje" ndilo lililoniuma zaidi. Miaka sita sikuwahi kuulizwa naonaje.

Basi. Daktari akataka tuthibitishe kwamba holly yetu pia inapitisha kloroplasti kwa mama, maana hesabu yote ya undugu inasimama juu ya hilo. Tulihitaji mti mke, mti dume, na watoto wao.

Nikainua mkono haraka. Kwa shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi Wakalenjin tunamwita senge, kuna miti miwili tu ya povu. Ni kule Olenguruone. Wa juu, karibu na chemchemi, ni wa zamani, ulibaki msitu ulipokatwa. Wa chini, marehemu mume wa senge aliuleta ukiwa mche kutoka upande wa Kinangop. Wa juu unazaa, wa chini hauzai. Senge huwaita Mama na Baba, kama watu. Tena huokota mbegu chini ya Mama na kuotesha miche ya kuuza sokoni.

Familia kamili. Na ni yangu mimi, si ya Shiku.

Nilienda peke yangu. Hakukuwa na matunda wakati huo. Senge akanipeleka mpaka chemchemi. "Huyu ni Mama," akapiga shina kama anayepiga ng'ombe mgongoni. Tukateremka. "Na huyu mzee hapa ni Baba. Kazi yake ni kusimama tu."

"Kama wanaume wengine," nikasema.

"Mimi sijataja mtu," akajibu.

Nikaweka majani kwenye bahasha mbili za kukaushia. Kalamu ilikuwa karibu kuisha wino na mvua ilikuwa inakuja. Juu ya moja nikaandika M. Juu ya nyingine nikaandika B.

M, Mama. B, Baba. Nani hangeelewa?

Safari ya pili Shiku alikuja nami kuchukua majani ya miche. Mvua ilinyesha siku hiyo hadi tukashindwa kupanda mlima, tukaishia kwenye kitalu kando ya nyumba. Miti yenyewe hakuiona.

Lakini senge alimwona yeye. Ee, alimwona! Shiku alikunja suruali akaingia kwenye matope, akaanza kumwonyesha senge jinsi akina mama wa mashamba ya maua wanavyokata vipandikizi ili vishike mizizi upesi. Baada ya saa moja walikuwa wanasukumana mabega.

"Kiprono," senge akaniita jina la nyumbani, "huyu msichana ana mkono. Wewe tangu uende shule hujawahi kushika jembe yangu."

Nikapewa mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, kwenye kikombe. Shiku akapewa kibuyu chenyewe.

Wakuu, mtu anaweza kuchukua kikombe chako, rafu yako na mkubwa wako. Akichukua na shangazi, umebaki na nini?

Miezi ikapita. Matokeo yakaja.

Shiku alifanya hesabu, akatuita mbele ya skrini. Ile miti miwili ilitofautiana kwa herufi chache tu za DNA kwenye kile kipande kirefu, lakini zilitosha. Miche yote, bila hata mmoja kuasi, ilikuwa na bangili ya mti mmoja. Juu ya mti huo Shiku alikuwa ameandika kwa Kiingereza: male.

Baba!

Daktari alikaa chini. Kisha akasimama. Misonobari hupitisha kloroplasti kwa baba, hiyo inajulikana, lakini holly? Akaniuliza, "Rono, lebo ni zako?"

"Ni zangu, Daktari," nikasema, na wakati huo sikuwa najua chochote.

Akatangaza semina. Wageni wataalikwa kutoka vyuo vingine. Kisha akasema maneno ambayo nayasikia hadi leo: "Yule wa PhD, nadhani hapa amejionyesha."

Hakunitazama.

Siku mbili baadaye Shiku alinitumia jedwali ili nihakiki namba za bahasha. Nikalisoma nikiwa nimesimama kando ya friji. Safu ya kwanza ilikuwa M, na mbele yake: male. Safu ya pili ilikuwa B, na mbele yake: berries, yaani ule wenye vitunda.

Nilisoma tena.

B yangu ya Baba, yeye aliisoma ni B ya berries. M yangu ya Mama, yeye aliisoma ni M ya male. Kila herufi imeingia kwenye Kiingereza, ikatoka upande wa pili imegeuka jinsia. Na zote mbili zikaleta maana! Kama moja tu ingekwama, angeniuliza.

Nilitoka nje nikampigia senge kuhakikisha. "Senge, ule wa juu kwa chemchemi ni Mama au Baba?"

"Ai, Kiprono. Umesahau mama yako sasa? Wa juu ni Mama."

Kwa hiyo hakukuwa na ugunduzi. Holly yetu ilikuwa imefanya kile ambacho mimea mingi hufanya. Watoto walichukua kwa mama.

Ningepaswa kurudi ndani hatua ishirini na kusema. Badala yake nilisimama pale uani na, nisiwafiche, nikahisi raha. Raha ya joto, kama mtu aliyekunywa uji asubuhi ya baridi. Kichwani nikamwona Shiku mbele ya wageni. Nikaona mzee mmoja nyuma akiinua mkono kuuliza swali dogo. Nikaona duara lake likifunguka.

Nikamjibu kwa ujumbe: "Namba ziko sawa."

Na kweli namba zilikuwa sawa. Ndivyo wivu ulivyo na akili. Haukuniambia nidanganye. Uliniambia nijibu nilichoulizwa tu.

Nilikaa na hilo siku kumi na moja. Nilikuwa mwema kwa Shiku siku hizo kuliko wakati wowote. Nilimletea mandazi.

Siku ya nane alinisimamisha kwenye korido. Alikuwa amekunja uso. "Rono, naomba nikusumbue. Hii M yako ni male, sivyo?"

Hapo sasa. Swali lenyewe, wazi, bila kona.

"Soma vile imeandikwa," nikasema, nikatingisha funguo zangu kama mtu mwenye haraka.

Aliniangalia kidogo. "Sawa," akasema.

Jumamosi hiyo hakuonekana lab. Sikuuliza.

Siku ya semina ukumbi ulijaa. Mimi nilikaa karibu na mlango. Shiku akapanda mbele, akabonyeza, na picha ya kwanza haikuwa grafu. Ilikuwa picha ya mti wa senge kando ya chemchemi, matawi yamejaa vitunda vyekundu, na chini yake senge mwenyewe amesimama na leso kichwani, mkono kwenye shina.

"Data yetu ilisema huu ni mti dume," Shiku akaanza. "Huyu mama anasema ni mti mke. Nilienda kuangalia. Mti dume hauzai matunda, kwa hiyo mama ndiye sahihi na mimi ndiye nilikosea. Nilisoma lebo vibaya. Nilikaribia kuwaleta hapa kusikiliza ugunduzi ambao ni herufi moja tu."

Ukumbi ukacheka, lakini kicheko cha kupenda. Kisha akawaeleza, kwa utulivu, kwamba holly yetu hupitisha kloroplasti kwa mama, na sasa ule mchoro wa undugu unaweza kuaminiwa, mradi tukumbuke unasimulia habari za nyumba ya mama pekee, na kwamba akina baba wana hadithi yao mahali pengine kwenye DNA.

Yule mzee wa nyuma niliyemwota aliinua mkono kweli. Alisema, "Hongera kwa kurudi kuangalia mti."

Daktari akageuka kwenye kiti chake. "Rono. Wewe ndiye uliandika lebo. Jedwali lilipita kwako. Hukuona?"

Watu wote wakanitazama. Shiku alikuwa anatazama laptop yake.

"Sikuona, Daktari," nikasema.

Shiku akabonyeza picha iliyofuata.

Jumapili iliyofuata senge akanipigia. Alikuwa na furaha. "Yule msichana wako alikuja, peke yake, na akapanda mpaka kwa chemchemi. Akaniuliza kama nina hakika huyo ni Mama. Nikamwambia, mbona mnaniuliza hii kitu kila siku? Kiprono amenipigia simu juzi juzi akauliza hiyo hiyo."

"Ulimwambia hivyo, senge?"

"Sasa nimfiche nini? Akasema sawa, akanipiga picha na Mama. Kuna nini?"

Nilikaa kitandani na simu mkononi.

Alijua, wakuu. Alipopanda mbele ya ule ukumbi alikuwa anajua kwamba mimi nilijua. Aliposema "nilisoma lebo vibaya" alikuwa na neno moja ambalo lingenimaliza, na hakulitumia. Na mimi, mbele yake, nikasema sikuona.

Jumatatu nilimkuta anaosha kikombe. Nikasema, "Shiku, nilijua."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

Hakugeuka. "Nilikupa nafasi mara mbili, Rono. Nilikutumia jedwali, kisha nikakuuliza kwa mdomo. Ya tatu alikupa Daktari. Ningesema nini mimi, na wewe mwenye mdomo uko pale?"

Nikaenda ofisini nikamwambia Daktari yote, kuanzia friji hadi simu ya senge. Alisikiliza bila kunikatiza. Sikuomba kitu. Nafasi ya PhD alipewa Shiku wiki hiyo, na hata kama ingekuwa mimi ninayegawa, ningempa yeye. Kilichoniuma ni sentensi ya mwisho ya Daktari, aliyoisema akifungua dirisha, kama anayezungumza na hewa.

"Nilitaka kukuuliza unaonaje kuhusu ile data. Tangu mwanzo. Nilikuwa nangoja useme."

Adhabu yangu ilikuwa kabati. Bahasha zote za miaka sita, niandike lebo upya kwa maneno kamili. Hakuna herufi moja moja tena. Ilinichukua wiki kadhaa. Nilipofika kwenye ile M, nikamalizia herufi tatu zilizokuwa zinakosekana. MAMA. Ni kazi ya sekunde mbili.

EDIT: Naona wachangiaji wa kwanza mnauliza kama bado tunafanya kazi pamoja. Ndiyo. Na mmoja ameuliza kama wivu umeisha. Haujaisha. Juzi amefunga duara la holly nyingine, ya kutoka Asia, nikahisi kile kitu kinapanda kifuani. Tofauti ni kwamba sasa nimejifunza kukiwahi. Nikasema "Hongera Shiku" kwa sauti kabla hakijapata mahali pa kukaa. Akajibu, "Asante. Njoo uone huku, unaonaje?"

Nikaenda nikaona. Kulikuwa na kosa dogo kwenye kile kipande kifupi. Nikamwambia.

Nilichojifunza mimi: mtu mwenye wivu si lazima aseme uongo. Inatosha ajibu swali nusu, halafu aache nusu nyingine imle mwenzake. Na lebo fupi ni rafiki wa mtu kama huyo.

Wakuu, nitukaneni mkiona inafaa, nimejiandaa. Ila wale mmewahi kukaa kimya kazini mkingoja mwenzenu aanguke, andikeni hapa chini iliishaje. Na senge amesema niwaambie miche ya mti wa povu iko, ila kwa yule wa chini msitegemee mbegu. Yule ni Baba. Kazi yake ni kusimama tu.